Mjumbe Mwenye Miguu ya Tope

Alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Jina alikuwa nalo, ukoo alikuwa nao, na kitovu chake kilizikwa mahali kama cha mtu yeyote, lakini hayo waulize wanaohusika. Mimi namkumbuka kuanzia magotini kwenda chini, maana nilipoanza kumfahamu huko ndiko macho yangu yalikofika, na huko kulikuwa na tope tu.

Kwetu ni kule kati ya Bunda na Butiama, vilima vya mawe vinapoishia na mbuga inapoanza. Watu wa mbali wakisikia mbuga wanafikiria simba. Sisi tunamaanisha ule udongo mweusi wa bondeni. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unatumbukia kwenye ufa, na masika unageuka kitu ambacho huwezi kukiita maji wala nchi kavu. Unakushika mguu, ukivuta, kiatu kinabaki. Kabla ya kuhamishwa tuliishi juu kwenye mawe na kulima pamba huko chini, na Mjumbe kutwa alikuwa anapanda na kushuka kati ya nyumba na mashamba akitatua mambo ya watu. Mtu wa kazi hiyo hawezi kuwa msafi, hilo nalikubali. Ila yeye alizidisha.

Alikuwa hanawi. Sisemi kwamba alikuwa mchafu, kwa sababu jioni akirudi kwake alioga vizuri tu, na Jumapili kanisani alikaa na shati jeupe lililopigwa pasi. Lakini siku za kazi alifika kwenye nyumba za watu na tope lake mpaka magotini, na maji hakuyataka. Mama yangu ni mtu wa usafi. Uwanjani kwake mtu angeweza kula ugali bila sahani. Ujio wa Mjumbe ulikuwa unamkera kuliko ugonjwa.

"Mjumbe, maji haya hapa, nawa miguu."

"Nitanawa, mama."

"Lini?"

"Si sasa, lakini si mbali."

Basi anakaa nje juu ya gogo, haingii ndani, na huku anaongea anaanza kubandua lile tope lililokauka kwa ukucha wa dole gumba, kipande kwa kipande, analirundika pembeni. Urefu wa kesi tuliujua kwa ule mlima. Mbuzi amekula mahindi ya jirani, kamlima kadogo. Ugomvi wa mpaka wa shamba, miguu yote miwili inabaki myeupe kabisa, na mama anafuata fagio kabla mgeni hajafika hata njiani. Niliwahi kumwuliza kwa nini hanawi kama watu wengine. Akaniambia mjumbe akifika kwa watu na miguu misafi, watu watasema alikuwa amelala. Nikaona ni jibu zuri. Baadaye nikamsikia anamwambia mtu mwingine kwamba tope linazuia mbu, na mwingine tena akamwambia ni dawa ya nyufa za kisigino. Nikaacha kuuliza.

Maneno yake nayo yalikuwa vilevile, hayana mahali unapoweza kuweka mguu ukasema hapa pagumu. Wazee walisimulia kwamba Uhuru ulipoingia, yeye, kabla hata hajawa mjumbe, alikwenda Musoma mjini kuona sherehe kwa niaba ya kilima kizima. Aliporudi watu wakamzunguka. Eti wazungu wameondoka? Akafikiri, akasema, "Wapo wanaofunga mizigo." Eti sasa nchi ni yetu? "Tumeambiwa." Hakuna aliyelala akiwa na furaha kamili siku ile, na hakuna aliyelala akiwa na hofu.

Kwa mabwana waliokuja na magari kutoka wilayani alikuwa balaa. Nakumbuka mmoja, kijana mwenye miwani, amesimama mbele ya mkutano na karatasi yake, anamwuliza:

"Mjumbe, watu wako wamekubali kulima shamba la pamoja?"

"Wamesikia, bwana."

"Sikuuliza kama wamesikia. Wamekubali?"

"Wamesikia vizuri sana."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Yule kijana akaandika kitu, sijui aliandika nini. Nadhani aliandika kwamba wamekubali, maana wiki iliyofuata tukaletewa majembe, na Mjumbe akayagawa bila kusema ni ya shamba gani.

Kwa nini watu walimchagua tena na tena, na yeye hawezi kusema neno likasimama? Nimelifikiria hilo nikiwa mtu mzima. Nadhani ni kwa sababu siri ikiingia kwake haikutoka na sura ileile. Ukimwambia umeficha magunia mawili ya pamba, akifika mbele ya wakubwa inakuwa habari ya mvua. Wakubwa wenyewe walichoka kumwuliza. Ila usidhani namsifu. Lile tope lilimwagikia kila mtu, mwenye haja na asiye na haja.

Mama yangu lilimwagikia vibaya. Baba alikuwa anafanya kazi Musoma, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alikuwa amekaa muda mrefu bila kurudi nyumbani. Mjumbe akapata safari ya mjini. Aliporudi, mama akampokea na togwa, akamkalisha kwenye gogo, hata maji ya kunawa hakumtajia.

"Umemwona baba yao?"

"Nimemwona."

"Anaishije?"

"Anaishi."

"Anaishi peke yake?"

Mjumbe akabandua kipande kikubwa cha tope. "Nyumba za kule Kamunyonge zina watu wengi, mama," akasema. Basi. Hakuongeza neno. Mama alikaa na hilo jibu miezi, analigeuza huku na huku, mara analia, mara anacheka peke yake jikoni. Baba alirudi baada ya mavuno na kusema mwenyewe alichokuwa nacho cha kusema, na hayo si ya hapa. Ila mama hakumsalimia Mjumbe mpaka mvua za mwaka uliofuata. "Angesema ndiyo au angesema hapana," alikuwa anasema. "Kimoja tu. Mtu mzima unashindwaga nini?"

Na mtu huyohuyo, kuna jambo moja aliloliongea waziwazi mpaka akawaudhi watu, nalo ni udongo wenyewe. Kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake. Wanaume wanasimamisha miti, wanaezeka, halafu wanaondoka kwenda kunywa. Mjumbe alikandika nyumba yake kwa mikono yake. Alileta udongo wa kichuguu, akachanganya na mchanga na mavi ya ng'ombe, akaukanyaga kutwa, akauacha ulale, kesho yake akaukanyaga tena. Wanaume walimcheka wakachoka. Akipita kwako akakuta umekandika kwa haraka, anaweka kiganja ukutani, anakisukuma kidogo, na hapo ndipo unamsikia Mjumbe mwingine kabisa: "Hapana. Bomoa." Alishawahi kumwambia hivyo mke wa katekista mbele ya wageni. Na udongo wa mbuga kuukandikia nyumba hakutaka hata kuusikia. Alisema ukikauka unakimbia miti.

Mke wake ndiye aliyemweza. Alikuwa mwanamke wa Mugango, mrefu, mcheshi, aliyekulia ziwani na kuolewa kwenye mawe, na kila alipokaa na wanawake alilalamikia samaki. Ningu hakuna, furu hakuna, kwenu huku mnakula majani kama kondoo. Mume wake akikandika, yeye anakaa kivulini anamtania: "Jamani mnaona, mke mwenzangu ni ukuta." Na yule bwana akimjibu nusu nusu kama alivyowajibu watu wengine, jioni anamtengea ugali mtupu.

"Mboga ipo?" anauliza Mjumbe.

"Si sasa, lakini si mbali."

Hiyo tulisimuliwa na mke mwenyewe, tukicheka mpaka machozi. Kila mtu alimpenda yule mama. Nasema hivyo kwa sababu yaliyotokea baadaye hayawezi kueleweka bila hilo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Tulitakiwa tushuke wote kutoka kwenye mawe, tukajenge nyumba kwa mistari bondeni, karibu na barabara, ili shule ifike, zahanati ifike, maji yafike. Nia ilikuwa njema, sitaki nionekane nabeza. Tatizo ni kwamba waliochagua mahali walikuja kiangazi. Waliona tambarare pana, kavu, hakuna jiwe hata moja, wakapigilia vigingi vya viwanja. Watu wa kwanza kuhama waliambiwa wamalize haraka, na huko bondeni kichuguu hakuna, basi wakakandika na udongo uliokuwepo chini ya miguu yao. Kabla ya mvua ya kwanza kuta zilikuwa zimepasuka kiasi kwamba ukipita njiani unamwona jirani anavyomega tonge. Bwana mmoja wa ile operesheni ya kuhamisha watu akamzungusha Mjumbe kwenye ile mistari kwa majivuno.

"Unazionaje nyumba, Mjumbe?"

"Zina hewa," akasema.

Sisi hatukuwa tumehama, kwa sababu ya Bibi. Bibi huyu ni mama yake baba, na wakati huo alikuwa hainuki kitandani. Mama ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwogesha. Kaburi la Babu lilikuwa nyuma ya zizi, na Bibi alikuwa na ombi moja tu duniani: afie pale, azikwe pembeni ya mume wake. "Mnitoe nikishakuwa maiti, halafu mnitoe hatua chache tu," alikuwa anasema, akionyesha zizi kwa kidevu. Tukapata habari kwamba lori linakuja kuchukua waliobaki, wapende wasipende, na kwamba nyumba zitaezuliwa nyuma yao ili wasirudi. Mama akaenda kwa Mjumbe. Nilikuwa naye, nimebeba mdogo wangu mgongoni.

"Mjumbe, yule mama hawezi kupandishwa kwenye lori. Atafia njiani, atazikwa kule kwenye maji. Waambie."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Nitaangalia wanavyouliza."

Mama alilia kwa hasira njia nzima. Mkewe Mjumbe, ambaye alikuwa mjamzito na tumbo bado si kubwa sana, alitusindikiza kidogo akimshika mama bega. "Mwache," alisema. "Nitamnyima mboga." Hata mama ikabidi acheke.

Lori lilikuja baada ya mvua za kwanza. Zilikuwa zimenyesha, zikakata, jua likapiga siku kadhaa, na uso wa mbuga ulikuwa umekauka juu, umeanza kupasuka, mtu asiyeujua angesema ni sakafu. Chini ya kilima chetu njia ziligawanyika. Moja ilizunguka juu kwenye mawe, ndefu, ya kurukaruka. Nyingine ilikata mbugani moja kwa moja. Ndiyo aliyopitishia Mjumbe ng'ombe wake kila siku ya Mungu. Mama alikuwa anatoka kisimani na wanawake wenzake, akayasikia mazungumzo yote. Mjumbe alikuwa amesimama pale njia panda, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hapa panapitika?"

"Watu wanapita."

"Gari je?"

"Mimi sina gari, mwanangu."

"Na ile ya juu?"

"Ile ya juu ni ndefu."

Dereva akakata kona akaingia mbugani. Hakwenda mbali. Mama anasema lile lori halikuzama kwa kishindo, lilikaa tu chini taratibu, magurudumu ya nyuma yakapotea, halafu ya mbele. Wakakata matawi, wakasukuma, wakatukanana. Alasiri mvua ikarudi, na ile ikawa mvua kweli. Mabwana wa operesheni wakavua viatu wakaondoka kwa miguu kwenda kutafuta trekta, wakamwacha dereva na utingo wake wakilinda lori. Juu kwenye mawe watu walikuwa wanachungulia na kushikana mikono kwa furaha. Mama aliingia ndani akamwambia Bibi, na Bibi akaomba uji.

Asubuhi iliyofuata mkewe Mjumbe alishikwa na uchungu, kabla ya wakati wake. Mtoto alitoka mzima, wa kike, mdogo kama paka, analia vizuri. Lakini damu ya mama yake haikukatika. Mkunga alijaribu alichokijua, kisha akatoka nje akasema huyu apelekwe hospitali Musoma, na aende sasa hivi. Gari lililokuwepo nchi ile yote ni lile moja.

Wakamweka kitandani, kitanda wakakibeba mabegani, watu wanne wakipokezana, wakashuka kuelekea barabarani kutafuta gari la kupita. Njia ya mawe ilikuwa inateleza kwa mvua na ni ndefu, wakakata mbugani, wakizama mpaka mapajani. Mjumbe alikuwa ameshika mguu wa mbele wa kitanda na hakukubali kupokewa. Walipita karibu kabisa na lori. Waliokuwepo wanasema dereva alishuka akavua kofia, na Mjumbe alipita bila kugeuza shingo. Yule mama alikata roho kabla hawajafika barabarani. Ikabidi wageuke, wapite palepale tena.

Trekta lilipatikana baada ya wiki nyingi, na wakati huo operesheni ilikuwa imekwenda vijiji vingine. Bibi alifariki katikati ya masika, kitandani kwake, mama akimshika mkono. Tukamzika pembeni ya Babu, hatua chache tu, kama alivyotaka. Kiangazi kilipofika tukashuka wote bondeni, na Mjumbe pia, na mtoto wake mgongoni amefungwa kwa kitenge cha marehemu. Kule bondeni alikandika nyumba yake kwa udongo wa kichuguu alioubeba kutoka juu, ndoo kwa ndoo.

Wakubwa walikuja kumhoji. Ulimwelekeza dereva mbugani? "Aliniuliza, nikamjibu," akasema. Ulijua litazama? "Gari silijui." Walitaka kumbana zaidi, lakini mtoto alikuwa analia ndani na mmoja wao akasema basi, twendeni. Sidhani walimwamini. Nadhani waliona aibu.

Sisi tuliobaki tukagawanyika. Wengine walisema Mjumbe alifanya makusudi, aliwaokoa wazee wasiojiweza, na Mungu akamlipa vibaya. Wengine walisema alijikanyaga kama kawaida yake, mtu asiyejua kusema hapana, na ujinga wake ukamla mwenyewe. Mashemeji zake wa Mugango hawakugawanyika. Walikuja msibani, hawakula, na hawakurudi tena. Yule mtoto alikua akisikia yote hayo. Watoto wenzake walimtajia lori tangu darasa la kwanza, na mara nyingi nilimwona akirudi shule peke yake, ametangulia mbele ya wenzake.

Wote tulijaribu kumwuliza Mjumbe kwa namna yetu. Mkiwa naye shambani mtu anatupia neno: eti Mjumbe, mbuga ile ilikuwa imekauka siku ile, au? Naye anasema, "Kulikuwa na jua." Padri alimwuliza. Mlevi mmoja alimwuliza kwa kelele kilabuni. Kulikuwa na jua. Sijawahi kuona mtu akiitumia sentensi moja kwa uvumilivu namna ile.

Mama hakumwuliza kamwe. Wakati huo alishaanza kumsalimia tena, kwa heshima kuliko alivyomsalimia mtu yeyote, na akipita uwanjani kwetu hakumtajia maji wala fagio. Nikamwambia kama unaamini alifanya kwa ajili ya Bibi, mshukuru basi, mzee wa watu atafurahi. Akaniangalia kana kwamba nimetapika. "Nikimshukuru," akasema, "nitakuwa namwambia kwamba alimwua mke wake. Wewe unaweza?"

Miaka ikaenda. Mimi niliolewa Musoma, nikajenga Bweri, na mama alipoanza kuugua nikamleta kwangu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama hakuwa mtu wa kuogopa kifo, lakini alikuwa na jambo hilo moja, na lilimsumbua kuliko kifua. Hakutaka kufa na asante ya watu mdomoni. Siku moja akanituma nikanunue blanketi zito, la kijivu, na nimpelekee Mjumbe.

"Usimwulize kitu," akasema. "Yule ukimwuliza atakuvuruga, utarudi hapa na jua. Mwambie tu ni asante yangu ya ile siku ya lori. Mpe, kaa, kunywa chai yao, halafu aga."

Kwetu mtu habaki na kitu cha shukrani kwa jambo ambalo hakulifanya. Hatakukatalia usoni, hiyo ni jeuri. Atakipokea, atakuombea heri, halafu akikusindikiza atakurudishia mkononi, na hapo hamna ugomvi. Mama alikuwa ameshaipanga akilini. "Akilirudisha, ilikuwa bahati mbaya tu, na mimi sina deni kwa mtu," akasema. "Akibaki nalo, basi alituokoa, na nitakuwa nimemshukuru. Vyovyote vile nitalala."

Nikapanda basi mpaka kwetu. Nilimkuta Mjumbe amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, amezeeka, macho yameingia ukungu. Binti yake alikuwa hapohapo anakandika ukuta, mikono myeusi mpaka viwiko, mrefu kama mama yake. Nilistuka kidogo kumwona. Alikuwa ameshapita umri mama yake aliofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo. Kanituma." Nikamwekea blanketi magotini. "Amesema ni asante yake ya ile siku ya lori."

Mkono wa binti ukasimama ukutani. Hakugeuka. Kuku walikuwa wanaparuaparua pembeni ya karai la udongo, na hakuna aliyewafukuza. Nikasubiri kuambiwa habari ya jua.

"Mwambie mama yako hakuna cha kunishukuru," akasema Mjumbe. Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayehutubia, na hakuwa ananiangalia mimi. "Siku ile nilikosea. Nilidhani pamekauka."

Tangu nimfahamu, ukiacha habari za kuta, sikuwahi kusikia maneno yake yakatoka yamenyooka hivyo, na binti yake, naona, naye hakuwahi. Alibaki vilevile kwa muda, kisha mkono ukaanza tena kulainisha ukuta, taratibu, akapitisha palepale, akapitisha tena. Halafu akaniuliza kama chai nitakunywa na maziwa.

Nilikunywa. Tuliongea habari za bei ya pamba na za watoto wangu. Nilipoaga, Mjumbe alishika fimbo akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba la muhogo, blanketi amelibana kwapani. Pale tukasimama. Nilingoja kwa heshima, kama inavyotakiwa, nikimpa nafasi. Akauliza basi la mwisho linapita lini. Nikamwambia. Akasema nimsalimie mama sana, akageuka, akaondoka nalo.

Nilifika Bweri jua linazama. Mama alikuwa amejiinua kwenye mto, ananisubiri, hata salamu hakungoja.

"Kasemaje?"

"Amesema alikosea. Alidhani pamekauka."

Mama akacheka, cheko la kifua kibovu, mpaka nikamshika. "Yule? Yule aliyekuwa anabomoa kuta za watu? Yeye ndiye adhani mbuga imekauka?"

"Binti yake alikuwa hapo anakandika, mama. Alikuwa anasikia."

Akaacha kucheka. Akaanza kucheza na pindo la khanga yake.

"Na blanketi?"

"Amebaki nalo."

Nilidhani atafurahi. Si ndicho alichokuwa anakitaka miaka yote? Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Mama akageukia ukutani, akavuta khanga mpaka machoni, na nikaona bega linatikisika.

"Maskini," akasema. "Bora angelirudisha."